Kusimama Kutwa na Maumivu ya Miguu

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya nyanda za juu ingali kali katika kata ya Bomani, mjini Tarime, mkoani Mara. Mama mmoja amekwisha kufika mahali pake pa biashara. Ashusha mikungu ya ndizi, apanga nyanya mafungu mafungu, kisha asimama nyuma ya meza yake kuwangoja wanunuzi. Atasimama hapo mpaka jua litue.

Jioni afika nyumbani, avua viatu na kuketi juu ya kigoda. Vifundo vya miguu yake vimevimba kidogo, na mikanda ya viatu imeacha alama katika ngozi. Nyayo zamwaka moto. Mwanawe, aliye mwanafunzi wa shule ya msingi, amwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niletee maji ninawe miguu. Naona uzee wanibishia hodi."

Mtoto aleta maji, lakini moyoni mwake anajiuliza: Je, kweli ni uzee? Baba yake mdogo ni kinyozi. Yeye ni kijana wa miaka 22 tu, naye hulalamika vivyo hivyo kila jioni. Lakini bibi yake, ambaye ni mzee kuliko wote nyumbani, ameshinda shambani. Amekwenda na kurudi kwa miguu, amepanda na kushuka kilima, na vifundo vyake havikuvimba.

Swali la mtoto huyu ni swali zuri la kisayansi. Kama uzee ndio sababu, mbona kijana aumwa na mzee haumwi? Na kama kazi ya miguu ndiyo sababu, mbona aliyetembea sana ana nafuu kuliko yule aliyesimama mahali pamoja? Katika somo hili tutatafuta jibu. Kisha tutajifunza mambo tuwezayo kufanya ili kuwapunguzia maumivu wale wasimamao kutwa kazini.

1. Watu wasimamao kazini

Uendapo shuleni kesho, watazame watu walio kazini. Utamwona mama lishe amesimama mbele ya jiko lake. Utamwona mwuza nyama nyuma ya meza ya bucha, na askari wa usalama barabarani katika barabara iendayo Sirari. Utamwona mlinzi langoni, fundi seremala kwenye meza yake ya kazi, muuguzi katika wodi, na mwalimu wako mbele ya ubao. Wote hao hutegemea miguu yao kupata riziki. Miguu ikiwashinda, mama atafunga biashara mapema, na fedha ya daftari au ya unga haitapatikana. Kwa hiyo maumivu ya miguu si jambo dogo la kuchekwa.

Andika katika daftari lako majina ya kazi 10 zifanywazo kwa kusimama katika kijiji au mtaa wako. Pembeni ya kila kazi andika kama mfanyakazi husimama mahali pamoja, au husimama na kutembea. Utaihitaji orodha hiyo baadaye.

2. Mguu umeumbwa namna gani?

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Kila mguu, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa 26. Kwa hiyo miguu miwili ina mifupa 52. Yaani, robo nzima ya mifupa yote ya mwili imo katika sehemu hii ndogo iliyo chini kabisa. Mifupa hiyo imeunganishwa na nyuzi imara na kuvutwa na misuli mingi, midogo kwa mikubwa.

Kwa nini mguu haukuumbwa kwa mfupa mmoja mkubwa kama kipande cha gogo? Fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1. Lowesha unyayo wako kwa maji. Kanyaga sakafu kavu ya saruji au udongo mkavu ulio sawa. Inua mguu na utazame alama uliyoiacha. Utaona alama ya kisigino, alama ya sehemu ya mbele ya unyayo, na alama za vidole. Lakini kwa upande wa ndani, katikati ya unyayo, watu wengi huacha nafasi kavu. Sehemu hiyo haikugusa chini kwa sababu mifupa yake imeinuka kama tao la mlango au la daraja.

Chini ya tao hilo kuna utando mgumu kama ukanda, unaotoka kisiginoni mpaka karibu na vidole. Ukanyagapo, tao hushuka kidogo na ukanda hunyooka. Uinuapo mguu, tao hurudi mahali pake. Hivyo tao hupunguza kishindo cha kila hatua, nalo husaidia kuusukuma mwili mbele.

Watu wengine wana nyayo bapa, na alama yao hujaa yote. Usimcheke mwenzako akiwa na unyayo wa namna hiyo. Wengi wao hawaumwi kamwe. Tena watoto wadogo karibu wote huanza na nyayo bapa.

Mguu wa namna hii ni wa kale sana. Mwaka 1978, huko Laetoli katika eneo la Ngorongoro, kundi la wataalamu lililoongozwa na Mary Leakey lilichunguza nyayo zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano. Majivu hayo yalilowa, yakakanyagwa, kisha yakawa magumu kama mwamba. Nyayo hizo zina umri wa kiasi cha miaka milioni 3.6. Zaonyesha kisigino kilichokanyaga kwanza na kidole gumba kilichonyooka kuelekea mbele. Walioziacha hawakuwa wamesimama, walikuwa wakitembea.

Jambo hilo tulikumbuke. Mguu wetu ni chombo cha kutembea. Sasa tuone chombo hicho kinapatwa na nini kikizuiwa kutembea.

3. Misuli isiyopumzika

Jaribio la 2. Chukua jiwe dogo au kitabu kimoja. Nyoosha mkono wako mbele, ukishike bila kuusogeza mkono. Mwenzako ahesabu muda. Baadaye, kwa mkono wa pili, kiinue kitabu hicho na kukishusha polepole kwa muda ule ule. Ni mkono upi uliochoka zaidi?

Watu wengi huona kwamba mkono uliotulia umechoka na kuuma haraka kuliko ule uliokuwa ukipanda na kushuka. Sababu yake ni hii. Msuli ukazapo huibana mishipa ya damu iliyo ndani yake. Ulegeapo, damu huingia tena ikileta chakula na oksijeni, na huondoa takataka zilizotokana na kazi. Msuli unaokaza na kulegea hupata damu mpya kila mara. Msuli unaokaza bila kulegea hukosa damu ya kutosha, nao huanza kuuma.

Mtu aliyesimama huonekana kama hafanyi kazi yoyote, lakini sivyo. Misuli ya mgongo, ya mapaja na ya miguu yote inakaza ili asianguke. Nyayo zake nazo zinakandamizwa na uzito wa mwili mahali pale pale, saa baada ya saa. Lakini mtu atembeapo, mguu mmoja hukanyaga huku mwingine ukipumzika hewani. Kila hatua ni kazi, na kila hatua ni pumziko.

4. Damu hupandaje kutoka miguuni?

Moyo husukuma damu ielekee sehemu zote za mwili kwa kupitia mishipa iitwayo ateri. Damu hurudi moyoni kwa kupitia mishipa mingine iitwayo vena. Kwenda chini miguuni ni rahisi. Kurudi ni kazi, kwa kuwa damu hupanda zaidi ya mita 1 katika mtu mzima aliyesimama, kama maji yanayopandishwa kutoka kisimani.

Jaribio la 3. Inua mkono mmoja juu ya kichwa, na uache mwingine uning'inie. Kaa hivyo kwa dakika moja. Kisha weka mikono yote miwili mbele ya kifua na utazame upesi migongo ya viganja. Vena za mkono ulioning'inia zimejaa na kutokeza. Vena za mkono ulioinuliwa zimelala. Je, si dhahiri kwamba damu hukusanyika katika sehemu iliyo chini?

Ni nini basi kiizuiacho damu kujaa yote miguuni? Ndani ya vena nyingi mmo vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, kama vali ya mpira wa baiskeli iruhusuyo hewa kuingia na kuizuia kutoka. Daktari Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko wa damu katika kitabu alichokitoa mwaka 1628. Alitumia vilango hivyo kuthibitisha kwamba damu ya vena huelekea moyoni tu.

Jaribio la 4. Mwombe mtu mzima ambaye vena za mkono wake huonekana vizuri akunyooshee mkono. Bonyeza vena moja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono. Kwa kidole cha pili, isukume damu polepole kuelekea kwenye kiwiko, kisha ukiondoe kidole hicho cha pili. Sehemu ya vena uliyoisukuma hubaki imelala, kwa sababu kilango kimeizuia damu isirudi nyuma. Sasa ondoa kidole cha kwanza. Vena hujaa mara moja kutoka chini.

Vilango huzuia damu isishuke, lakini haviwezi kuipandisha. Kazi hiyo hufanywa na misuli. Shika sehemu ya nyuma ya mguu wako, kati ya goti na kifundo. Hilo ndilo shavu la mguu. Simama kwa ncha za vidole, nawe utalisikia limekuwa gumu. Msuli huo ukazapo, huzikamua vena zilizo katikati yake, na damu hupanda. Ulegeapo, vena hujaa tena kutoka chini. Kila hatua ni mkamuo mmoja. Ndiyo sababu watu wengine huliita shavu la mguu moyo wa pili.

Sasa mfikirie yule mama nyuma ya meza yake. Moyo wake wa kwanza unapiga, lakini ule wa pili umesimama. Damu yajaa katika vena za miguu. Maji kidogo ya damu yapenya kuta za mishipa midogo sana na kuingia katika nyama iliyo karibu. Maji hayo ndiyo uvimbe tuuonao kwenye vifundo jioni. Mtu akiendelea hivyo kwa miaka mingi, vena nyingine zaweza kutanuka, vilango vyake vikashindwa kufunga, nazo zikatokeza na kupindapinda chini ya ngozi.

Jaribio la 5. Twaa uzi usiovutika. Asubuhi, pima mzunguko wa kifundo cha mguu cha mtu wa nyumbani afanyaye kazi ya kusimama. Funga fundo kuonyesha kipimo hicho. Jioni pima tena mahali pale pale, ulinganishe. Rudia kwa siku 3 na uandike matokeo kwa milimita.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Bibi alitembea, na misuli yake ikaipandisha damu kutwa nzima. Mama na kinyozi walisimama mahali pamoja. Kilichowaumiza si uzee, wala si uvivu. Ni kutulia kwa muda mrefu mno.

5. Kupunguza maumivu wakati wa kazi

Kwa kuwa tumeijua sababu, twaweza kuzifahamu dawa zake. Dawa hizi hazinunuliwi dukani.

(a) Kusogea. Mtu asingoje mpaka miguu iume. Kila baada ya nusu saa hivi, atembee hatua chache. Akiwa hawezi kuondoka mahali pake, ainuke kwa ncha za vidole na kushuka polepole mara 10. Mlinzi langoni na mwuza nyama bucha waweza kufanya hivyo bila kuacha kazi.

(b) Kubadili mguu. Weka tofali au kigoda kifupi chini ya meza. Mtu aweke mguu mmoja juu yake kwa muda, kisha abadili. Mguu ulioinuliwa hupumzika, na mgongo nao hupata nafuu.

(c) Kukanyaga kitu laini. Sakafu ya saruji ni ngumu na baridi. Mkeka mnene, kadibodi zilizopangwa, kipande cha zulia kuukuu au cha mpira hupunguza mkandamizo juu ya nyayo. Kitandikwe vizuri, kisiteleze wala kumkwaza mtu.

(d) Kuinua meza. Meza ikiwa fupi mno, mtu huinama kutwa, na uzito wake huegemea sehemu ya mbele ya nyayo. Kwa kazi nyingi za mikono, meza yafaa ifike karibu na usawa wa viwiko au chini yake kidogo. Matofali manne chini ya miguu ya meza yaweza kumaliza tatizo, mradi meza isitikisike.

(e) Kuketi. Kazi nyingi zifanywazo kwa kusimama zaweza kufanywa kwa zamu, mara kwa kusimama na mara kwa kuketi. Kupanga nyanya, kumenya viazi na kuhesabu fedha havihitaji kusimama.

6. Viatu

Kiatu kizuri si lazima kiwe cha bei kubwa. Kiatu kizuri ni kile kinachoufuata mguu wenyewe.

Weka mguu wako juu ya karatasi, usimame wima, na uzungushe penseli kuufuata. Kata umbo hilo, uliweke juu ya soli ya kiatu chako. Kama karatasi imetokeza nje ya soli, kiatu kinaubana mguu. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kikae imara, kisichomoke kila hatua.

Kwa kuwa miguu hutanuka kidogo ifikapo jioni, ni bora kununua viatu wakati huo. Kiatu kilichomtosha mtu asubuhi chaweza kumbana saa kumi. Tena apime miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine.

Kandambili nyembamba zilizolika kisiginoni hazifai kwa kusimama kutwa. Hazina kitu cha kuushika mguu, na vidole hulazimika kuzing'ang'ania. Katambuga zilizotengenezwa kwa mpira wa gari zina soli imara na mikanda ya kuushika mguu. Lakini soli yake ni ngumu, kwa hiyo yafaa kutandika ndani kipande cha ngozi au kitambaa kinene. Viatu vya mtumba navyo vyafaa, ila kwanza tazama soli. Ikiwa imelika upande mmoja, imefuata mwendo wa mtu mwingine, nayo itakupindisha.

7. Jioni nyumbani

Mtu arudipo kutoka kazini, avue viatu na kunawa miguu, akaushe vizuri katikati ya vidole. Maji ya baridi hupunguza joto na maumivu ya nyayo. Kisha ajilaze juu ya mkeka na kuiegemeza miguu ukutani au juu ya mito, iwe juu kuliko kifua, kwa muda wa dakika 15 hivi. Sasa damu na maji yaliyokusanyika hushuka kurudi mwilini bila kupandishwa. Kumbuka mkono ulioinuliwa katika Jaribio la 3.

Baadaye afanye mazoezi mawili mepesi. La kwanza: asimame akiutazama ukuta, auegemee kwa viganja, na kuweka mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini na goti limenyooka. Atasikia shavu la mguu linavutika. Akae hivyo kwa sekunde 30, kisha abadili mguu. Arudie mara 3. La pili: aketi, aweke chupa ya plastiki yenye maji ya baridi sakafuni, na kuibingirisha chini ya unyayo kwa dakika chache. Zoezi hili humfaa hasa mtu ambaye kisigino humchoma akanyagapo hatua za kwanza asubuhi. Mara nyingi maumivu hayo hutoka katika ule utando mgumu ulio chini ya tao.

Mtoto aweza kumkanda mama yake nyayo na mashavu ya miguu, akianzia vidoleni kuelekea gotini. Kwa nini aelekee juu, asielekee chini? Fikiri juu ya vilango vya vena, nawe utapata jibu.

8. Wakati wa kwenda kwa mganga

Si kila uvimbe wa miguu huletwa na kusimama. Uvimbe wa kusimama huwa katika miguu yote miwili, nao hupungua baada ya kulala. Mtu aende upesi zahanati au hospitali aonapo dalili hizi:

(a) Mguu mmoja tu umevimba ghafla, una joto na unauma. Huenda damu imeganda ndani ya vena. Mguu huo usikandwe kamwe. Akishindwa kupumua vizuri au akiumwa kifua, apelekwe hospitali mara moja.

(b) Uvimbe haupungui hata baada ya kulala, au mtu huchoka na kuhema akifanya kazi ndogo. Yawezekana ni ugonjwa wa moyo au wa figo.

(c) Mama mjamzito amevimba uso na mikono, au aumwa sana kichwa, au macho yake yaona ukungu.

(d) Nyayo zimekufa ganzi, au kidonda cha mguuni hakiponi. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari atazame nyayo zake kila jioni, kwani aweza kukanyaga msumari asiusikie. Asitie miguu katika maji ya moto kabla mtu mwingine hajayapima.

Si vema kuchanja miguu kwa wembe ili kutoa "damu mbaya". Hakuna damu mbaya iliyojificha miguuni. Iliyopo ni damu njema iliyokosa kusukumwa, na wembe huifungulia njia vijidudu. Wala si vema kumeza dawa za maumivu kila siku bila ushauri wa mganga, kwa kuwa zaweza kudhuru tumbo na figo.

9. Kiti si uvivu

Kuna watu wadhanio kwamba mfanyakazi aliyeketi ni mvivu, hata kama mkononi hana kazi ihitajiyo kusimama. Wazo hilo limewaumiza wengi, na watu wa nchi mbalimbali wamelipinga kwa njia ya sheria. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1899 iliwaamuru wenye maduka waweke kiti 1 kwa kila wanawake 3 waliowaajiri kuuza. Mwaka 1964, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa 120, unaohusu usafi katika maduka na ofisi. Mkataba huo wataka wafanyakazi wawekewe viti vya kutosha vinavyofaa, na wapewe nafasi ya kuvitumia.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiriwa afanyaye kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua saa 1. Lakini mama auzaye ndizi hana mwajiri. Hakuna amwambiaye, "Sasa pumzika." Hana budi kujiambia mwenyewe, na sisi tulio nyumbani hatuna budi kumsaidia. Mtoto atokapo shule aweza kushika meza kwa robo saa ili mama atembee kidogo au aketi. Robo saa hiyo haipunguzi mauzo, nayo huipa miguu nafuu.

Muhtasari

Mguu ni chombo cha kutembea. Mtu asimamapo mahali pamoja kwa muda mrefu, misuli yake hukaza bila kupumzika, nyayo hukandamizwa, na damu hukusanyika miguuni kwa kuwa mashavu ya miguu hayaikamui. Kusogea mara kwa mara, kubadili mguu, kukanyaga kitu laini, kuvaa viatu vinavyotosha, kuketi inapowezekana na kuinua miguu jioni hupunguza maumivu. Uvimbe wa mguu mmoja, uvimbe usiopungua, ganzi na vidonda visivyopona vyahitaji mganga.

Maswali na kazi

1. Miguu yote miwili ina mifupa mingapi? Hiyo ni sehemu gani ya mifupa yote ya mwili?

2. Eleza kazi ya vilango vilivyomo ndani ya vena.

3. Kwa nini shavu la mguu huitwa moyo wa pili?

4. Mtu asimamaye kutwa na mtu atembeaye kutwa, ni yupi atakayevimba vifundo zaidi? Toa sababu.

5. Rudia kuitazama orodha ya kazi 10 uliyoiandika. Chagua kazi 3 ambazo mfanyakazi wake husimama mahali pamoja. Kwa kila moja, pendekeza badiliko moja lisilohitaji fedha nyingi.

6. Mtafute mtu mmoja wa nyumbani au jirani afanyaye kazi ya kusimama. Kwa adabu, mwombe akubali kuinuka kwa ncha za vidole mara 10 kila nusu saa, na kuinua miguu kila jioni, kwa muda wa juma moja. Pima kifundo chake kwa uzi kila siku, asubuhi na jioni. Je, tofauti ya vipimo imepungua? Iwapo haikupungua, usibadili tarakimu zako. Ziandike kama zilivyo, kisha zijadilini darasani pamoja na mwalimu wenu.